Mbona Parachuti Yangu Inaanguka Tu? Majibu kwa Wasomaji

Ukurasa wa watoto wa toleo lililopita ulikuwa na zoezi la kutengeneza parachuti ndogo ya kitambaa na nyuzi. Barua zilizofuata zimetoka kwa walimu, wazazi na watoto wenyewe. Tumechagua saba. Ili majibu yasipishane, tunatumia kipimo kimoja kote: mwavuli (yaani kile kitambaa cha juu kinachofunguka) wa pembe nane wenye upana wa sentimita 40 kutoka pembe hadi pembe, na uzito wa gramu 22 kwa jumla, yaani kitambaa, nyuzi na mzigo pamoja. Parachuti ya namna hiyo ikitengenezwa vizuri hushuka kwa takribani mita 2 kwa sekunde.

Mhariri, salaam. Nafundisha sayansi Darasa la Tano, wanafunzi 60. Maelekezo mengi yanataka mfuko wa plastiki, na mifuko hiyo ilishapigwa marufuku. Nitumie nini badala yake, na nigawe vipi vifaa bila kuingia gharama kubwa? Naomba pia hatua za kutengeneza, maana toleo hilo sikulipata. – Mwalimu, Tanga

Mwalimu, marufuku ya Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea. Plastiki ya kufungashia bidhaa bado inafika majumbani, nayo inafaa: mfuko wa mkate uliopasuliwa ubavuni na chini, ile plastiki nyembamba inayofunika nguo zinazotoka kwa dobi, au iliyofunika godoro jipya. Lakini kama una nafasi ya kuchagua, tafuta miavuli mibovu ya mvua. Kitambaa chake ni chepesi, hakichaniki ovyo na hakijikunji. Mwavuli mmoja wenye upana wa mita moja hutoa vipande vitatu hadi vinne vya sentimita 40, kwa hiyo mitatu au minne inatosha darasa lako lote ukiligawa makundi 12 ya watoto watano.

Usitumie khanga, wala ile mifuko mbadala ya sokoni. Ni mizito na inapitisha hewa. Kipimo chake ni rahisi: bana kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi ikipita bila shida, hewa nayo itapita hivyohivyo parachuti ikishuka. Gazeti linakubali, ila linachanika kwenye matundu ya nyuzi na ni gumu kidogo kujifungua, hivyo libaki kwa kundi litakalotaka kulinganisha vitambaa.

Kila kundi lipate kipande cha mraba cha sentimita 40 kwa 40, mita 4 za uzi wa kufuma, nusu mita ya selotepu na vizibo tisa vya chupa za soda za kioo. Kizibo kimoja kina gramu 2 na ushee, kwa hiyo tisa ni kama gramu 20. Kwa darasa zima hiyo ni mita 48 za uzi, na donge moja linatosha. Vizibo unahitaji 108. Mwenye duka la vinywaji karibu na shule atakupa bure ukimwambia siku mbili kabla. Ukitumia kitambaa cha mwavuli wa mvua, ambacho ni kizito kuliko plastiki, punguza vizibo viwili ili jumla ibaki ileile.

Kukata pembe nane hakuhitaji bikari. Kunja mraba katikati, ukunje tena katikati upate mraba mdogo, kisha ukunje kwa mshazari kutoka kwenye kona ambayo ndiyo katikati ya kitambaa. Unabaki na pembetatu. Kutoka kwenye ncha ile ya katikati, pima sentimita 20 upande mmoja na sentimita 20 upande wa pili, unganisha alama hizo kwa rula na ukate mstari ulionyooka. Ukikunjua una pembe nane zilizo sawa. Watoto wengi hukosea hapa kwa kupima kutoka kwenye ncha isiyo ya katikati, na kitambaa kinatoka vipande vinne. Mwambie kila mmoja akiguse kitovu cha kitambaa kwa kidole kabla hajakunja, na akishikilie hadi mwisho.

Kila pembe ivikwe selotepu mbele na nyuma, ndipo itobolewe, sentimita moja kutoka ukingoni. Bila selotepu plastiki itachanika mara ya pili au ya tatu. Kata nyuzi nane za sentimita 50. Sentimita 5 zitaishia kwenye fundo la juu na la chini, zikibaki 45.

Sasa hatua ambayo mwalimu anapaswa kuisimamia mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo parachuti inapopona au kuharibika. Fungeni kwanza nyuzi zote kwenye pembe na msiguse ncha za chini. Mtoto mmoja akusanye pembe zote nane mkononi, azilinganishe zikae usawa mmoja. Mwingine avute nyuzi zote pamoja hadi zinyooke. Zile zinazoonekana ndefu zitaning'inia nje kidogo, na ziachwe hivyo. Wa tatu afunge fundo moja kubwa kwa nyuzi zote nane kwa pamoja, pale zilipolingana. Ukizikata sawa halafu ukafunga kila uzi peke yake kwenye mzigo, mafundo hayawi na ukubwa mmoja, na uzi mmoja ukipungua hata sentimita 2 mwavuli unainama upande huo na kuteleza badala ya kushuka wima.

Vizibo vifungwe ndani ya kitambaa kidogo na kufungiwa kwenye fundo. Visining'inie kimoja kimoja, vitanasa nyuzi.

Hamjambo. Binti yangu ametengeneza parachuti ya plastiki nyembamba. Inafunguka labda mara moja kati ya tano. Mara nyingine inashuka kama jiwe, nyuzi zikiwa zimejisokota. Tumefuata kila kitu. Shida iko wapi? – Mzazi, Nakuru

Hatujambo. Mtazame inavyoanguka, si inavyolala chini baada ya kuanguka, maana kila kosa lina namna yake.

Ikiwa mwavuli unabaki umejibana kama shati lililokamuliwa na haupanuki kabisa, plastiki imejigandisha. Plastiki nyembamba ikisuguana hupata chaji ya umeme, na pande zake hushikana, hasa hewa ikiwa kavu kama ilivyo kwenu mwezi wa Januari na Februari. Ifuteni ndani na nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iachwe ikauke kivulini bila kusuguliwa. Chaji itaondoka.

Ikiwa mwavuli unapanuka nusu, mdomo ukibaki mwembamba, nyuzi ni fupi. Zinavuta pembe kuelekea katikati, na hewa haipati mlango wa kuingilia. Nyuzi ziwe na urefu usiopungua upana wa mwavuli. Kwa mwavuli wa sentimita 40, urefu wa 40 hadi 50 unafaa. Zaidi ya 60 hazisaidii kitu ila kuongeza msokoto.

Ikiwa zinajisokota, tuna shaka mmetumia uzi wa cherehani. Uzi huo umesokotwa kiwandani na ukining'inizwa na mzigo hujizungusha kutaka kujisokotoa. Badilisheni kwa uzi wa kufuma. Pia mwulize binti anavyoiachia. Watoto hupenda kuiviringisha kama mpira na kuitupa juu, nyuzi zikiwa zimezungushwa mara tano sita kwenye mwavuli. Kutoka mita 3, kitu kinachoanguka bila kuzuiwa hufika chini kwa chini kidogo ya sekunde 0.8. Muda huo hautoshi kujikunjua. Kwa kuanzia aishike kileleni kwa vidole viwili, nyuzi zikiwa zimenyooka na mzigo umetulia hauyumbi, kisha afungue vidole tu, bila kusukuma. Kurusha kuje baadaye: kunja mwavuli mara tatu kwa urefu, laza nyuzi juu yake bila kuzizungusha, weka mzigo juu, rusha.

Na mzigo usiwe mwepesi mno. Chini ya gramu 10 hivi nyuzi hazikazwi, mwavuli unaelea kama karatasi na kupinduka. Wengi huondoa uzito wakidhani ndiyo dawa, kumbe kwa parachuti isiyofunguka dawa mara nyingi ni kuongeza vizibo viwili vitatu.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Darasa la Sita. Parachuti yangu inafunguka vizuri lakini inayumba kushoto na kulia mpaka inafika chini. Rafiki yangu anasema nitoboe tundu katikati, mimi naona hewa yote itatoroka. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi, na wewe umeona sababu yenyewe bila kujua: hewa inatoroka, swali ni inatorokea wapi.

Mwavuli ukishuka, hewa iliyonaswa ndani lazima itoke. Kama juu hakuna njia, inamwagika chini ya ukingo. Haimwagiki pande zote kwa pamoja. Inatoka upande mmoja, mwavuli unasukumwa upande wa pili, kisha inatoka huko nao unarudi. Ndiko kuyumba unakokuona. Tundu la kileleni linaipa hewa njia moja ya kudumu iliyo katikati.

Jambo hili lilimpata mtu mzima. Tarehe 22 Oktoba 1797, André-Jacques Garnerin alishuka Paris kwa parachuti ya hariri kutoka kwenye puto, na mwavuli wake haukuwa na tundu. Alifika salama, lakini aliyumbishwa vibaya mno njia nzima. Miavuli ya duara iliyofuata baadaye ikawekewa tundu kileleni.

Kwa mwavuli wako wa sentimita 40, anza na tundu la upana wa sentimita 2. Kunja kitambaa kama ulivyokikunja wakati wa kukata, kisha kata sentimita 1 ya ncha ya katikati. Jaribu. Ongeza hadi sentimita 4. Tundu la sentimita 4 ni kama asilimia 1 tu ya eneo lote la mwavuli, kwa hiyo kasi haitabadilika kiasi cha kukusumbua. Ukifika sentimita 8 au 10 utaona inashuka haraka zaidi, na hapo hofu yako ya hewa kutoroka inakuwa kweli. Kama una kitambaa cha kutosha, tengeneza miavuli minne inayofanana: isiyo na tundu, ya 2, ya 4 na ya 8. Ukikata tundu moja na kulipanua kwenye mwavuli uleule, huwezi kurudi nyuma kuhakikisha.

Ikiyumba bado baada ya tundu, pima nyuzi. Kuyumba kwa upande mmoja tu, daima uleule, ni uzi mfupi.

Ndugu Mhariri, watoto wangu wameipenda sana kazi hii. Jana nimemkuta wa miaka tisa juu ya ukuta wa uani na shuka la kitanda, amefunga kamba kwenye pembe. Nimemkataza, lakini anataka sababu. Nimwambie nini? – Mama, Dar es Salaam

Mama, umefanya vyema kumshusha. Mpe hesabu, maana mtoto anayetengeneza parachuti anaweza kuielewa.

Mtoto wa kilo 30 anahitaji kitambaa cha takribani mita za mraba 26 ili ashuke kwa mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kutua mtu anaporuka kutoka juu ya kitu cha mita 1.3. Shuka kubwa la kitanda lina mita za mraba 5 hivi. Hata likifunguka lote bila kosa, kasi ambayo lingeweza kumshikilia ni zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Sasa akiruka mikono mitupu kutoka ukuta wa mita 3 anafika chini kwa mita 7.7 kwa sekunde. Maana yake ukuta ni mfupi kiasi kwamba shuka halipati hata nafasi ya kuanza kazi yake, na yeye anavunjika karibu vilevile kama hana kitu. Mwavuli wa mvua ni mdogo zaidi ya shuka na mbavu zake hugeuka nje mara moja.

Walimu nao waliseme hili kabla zoezi halijaanza, siku ileile. Na anayeachia parachuti kutoka ghorofani au juu ya ngazi awe mtu mzima. Watoto wawe chini wakipima.

Mhariri, tumepima muda wa kushuka. Kundi moja linapata sekunde 1.2, jingine 2.3, kwa parachuti zilizotengenezwa sawa na kuachiwa kutoka mita 3. Nitawafundishaje kulinganisha wakati namba zenyewe hazikai? – Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, mita 3 ni fupi mno kwa saa ya simu. Parachuti hii hutumia kama sekunde 1.7 kutoka urefu huo. Mtu huchelewa takribani sekunde 0.2 kubonyeza baada ya kuona, tena wengine hubonyeza mapema kwa kubashiri. Kosa hilo peke yake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wote.

Ongeza urefu ukiweza. Kutoka ghorofa ya pili, kama mita 6, kosa ni lilelile lakini muda ni mara mbili. Kama shule haina ghorofa, tumia simu kurekodi video. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Ichezeshe polepole, hesabu picha tangu vidole vinapofunguka hadi mzigo unapogusa ardhi, gawanya kwa 30. Picha 51 ni sekunde 1.7. Watoto wanaweza kubishana juu ya picha moja, ambayo ni kosa la sekunde 0.03 tu.

Njia ya tatu tunaipenda zaidi kwa darasa kubwa lisilo na simu ya ziada. Chora mistari miwili ya chaki ukutani iliyoachana mita 2, wa juu ukiwa mita moja chini ya mahali mnapoachia. Mita ile ya kwanza ni ya mwavuli kujifungua, nayo ndiyo hubadilika sana kila mara. Pimeni kati ya mistari tu. Watoto watatu wapime kwa pamoja, mchukue namba ya katikati, si wastani, ili aliyebonyeza vibaya asiharibu kazi ya wenzake. Achieni mara tano.

Upepo unasukuma parachuti pembeni, na huo si mbaya sana kwa muda. Mbaya ni ule unaogonga ukuta na kupanda juu, kwa sababu unaibeba parachuti. Kwenu ziwani, kama ilivyo pwani, upepo wa mchana huvuma kuelekea nchi kavu. Fanyeni asubuhi, au kwenye ukumbi.

Kuhusu kulinganisha: badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Hili walimu wengi wanalijua, ila kuna mtego kwenye uzito. Kundi linaongeza mzigo kutoka gramu 10 hadi 20 na kuandika kwamba uzito umeongezeka mara mbili. Mwavuli na nyuzi zikiwa na gramu 5, jumla imetoka 15 hadi 25 tu. Pimeni parachuti nzima. Mkifanya hivyo mtaona kwamba ili kasi iwe mara mbili, uzito wote lazima uwe mara nne. Na mkikuza mwavuli upana uwe mara mbili bila kubadilisha uzito wa jumla, kasi inapungua hadi nusu, kwa sababu eneo limekuwa mara nne. Hili la pili huwashangaza watoto, na ndilo lenye faida kubwa kulifanya kwa mikono. Kumbukeni kupunguza vizibo, maana mwavuli mkubwa wenyewe ni mzito.

Je, parachuti ileile ingeshuka sawa Nairobi na Mombasa? – Msomaji, Nairobi

Hapana. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sababu ya mwinuko, na parachuti huko kwenu hushuka haraka zaidi kwa karibu asilimia 9. Parachuti yetu ya mita 2 kwa sekunde pwani ingekuwa kama 2.2 Nairobi. Kwa video na urefu wa mita 6, darasa la Nairobi na la Mombasa wakitumia parachuti moja iliyotumwa kwa basi wangeiona tofauti hiyo. Kwenye sayari ya Mirihi hewa ni kama asilimia 1 ya yetu. Chombo cha Perseverance kilichotua huko tarehe 18 Februari 2021 kilikuwa na parachuti ya mita 21.5, na bado haikutosha. Roketi ndizo zilizomalizia kazi.

Tunataka kushusha yai kwenye siku ya sayansi. Mwavuli uwe wa ukubwa gani ili lisivunjike? – Kamati ya wanafunzi, Dodoma

Mwavuli peke yake hautawatosha, na ni bora mjue mapema. Yai lina gramu 60 hivi. Kwa mwavuli wa sentimita 80 na jumla ya gramu 75, mtashuka kwa mita 1.9 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuliachia yai kutoka urefu wa sentimita 18, na kwenye sakafu ya saruji litapasuka. Kwa mwavuli wetu wa sentimita 40 ni kama kuliachia kutoka sentimita 74.

Kwa hiyo gawanyeni kazi. Mwavuli wa sentimita 80, nyuzi nane za sentimita 85 hadi 90, na chini ya yai kitu kinachobonyea polepole: kifuko cha karatasi kilichojazwa gazeti lililofinyangwa, angalau sentimita 4 chini ya yai, bila kushindiliwa. Gazeti lililoshindiliwa ni gumu na halisaidii. Pimeni kila kitu pamoja; jumla ikizidi gramu 75, punguzeni karatasi za pembeni kabla ya kugusa zile za chini.

Fanyeni majaribio kwa kiazi cha gramu 60 hadi mwavuli ufunguke mara tano mfululizo kutoka urefu mtakaoutumia siku hiyo. Yai liingie hapo. Na aliyeshika lililopasuka anawe mikono kwa sabuni.